Redio ya Siku Mbaya

Sitaficha kitu: ile redio niliinunua kwa wivu. Kwa mdomo nilisema ni ya dharura, na watu wakanisifu, lakini moyo wangu ulijua.

Mambo yalianza radi ilipochoma transfoma yetu hapa karibu na Ekerenyo. Tukakaa wiki tatu bila stima. Simu zilizimika, redio ya mama mkwe ikanyamaza, na katika siku hizo rafiki yake wa utotoni, aliyeolewa upande wa Nyacheki, akafa. Kifo kilitangazwa redioni jioni, kama vifo vya huku vinavyotangazwa: jina la marehemu, watoto, wakwe, siku ya mazishi. Mama hakusikia. Habari ilipomfikia, mwenzake alikuwa ameshazikwa. Aliketi jikoni akasema, "Ataniuliza huko mbinguni kwa nini sikuja." Kisha akatuambia sisi wakaza wana wake wawili kwamba anataka redio isiyotegemea stima.

Wawili, ndiyo shida. Mimi ni mke wa mtoto wake wa kwanza, naishi naye boma moja, tumetenganishwa na migomba tu. Akikohoa usiku najua kama ni vumbi au ni kifua. Huyo mwingine, mke wa shemeji yangu, anafanya kazi ofisini Kisii mjini, na huja mara moja kwa mwezi na mkate na manukato yake. Akija, mama huchinja kuku. Nikiingia mimi, naambiwa, "Afadhali umekuja, shika kisu umenye ndizi." Jamani! Miaka kumi na miwili namenya ndizi.

Basi huyo wa mjini akawahi. Alileta redio ya sola, kubwa, nyekundu, mama akaiweka kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Kanga husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilienda Keroka, kwenye duka la redio.

Mwenye duka alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwa, mcheshi. "Unataka ya sola?" akaniuliza.

"Ya sola wameshanunua. Nataka itakayoishinda."

Akacheka, akanitolea tatu za kuzungusha kwa mkono. Ya kwanza mpini wake ulikuwa mwembamba, ungevunjika wiki hiyo hiyo. Ya pili ilikuwa na sauti nzuri lakini ukizungusha inanguruma kama posho mili inayosaga mahindi. Ya tatu ilikuwa nyeusi, mpini wa chuma unaokunjwa, tochi kichwani, waya mrefu wa kunasa mawimbi, na tundu la kuchaji simu. Niliizungusha dakika moja, ikaongea Ekegusii, lugha yetu, safi kabisa.

"Hiyo ni nzito, dada," akaniambia. "Nani atazungusha?"

"Mama mkwe."

"Unampenda ama unamtesa?"

"Nampenda. Ndiyo maana nataka kitu kizito."

Mama alipoijaribu alicheka hadi machozi. "Hii inasagwa kama wimbi la ugali!" Nilirudi kwangu nikitembea kwa madaha. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Sabato ikafika. Mimi na mume wangu ni Wakatoliki, na hilo mama hajalisahau, lakini yeye ni Msabato wa kweli. Jumamosi hapiki, hachumi chai, hafagii. Chakula chote hupikwa Ijumaa. Niliwezaje kusahau? Nilimkuta anasikiliza kwaya kwenye ile nyekundu.

"Mama, na yangu?"

"Kuzungusha ni kazi," akasema.

"Na hiyo ya sola?"

"Hapo jua ndilo linafanya kazi. Mimi nimeketi."

Tangu siku hiyo yangu ikapandishwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono. Ile nyekundu iliimba wiki nzima. Kila nilipokiona kile kitambaa nilihisi nimefunikwa mimi. Nilinuna, nikamenya ndizi.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa natoka kuuza majani chai, nikapita nyuma ya nyumba yake, nikasikia mkwaruzo wa chuma. Niliingia bila hodi. Mama alikuwa ameibana redio yangu kwa magoti, anazungusha, jasho linamtoka. Redio yenyewe ilikuwa kimya.

"Mama, unafanya nini?"

"Naijaza. Kila Ijumaa naijaza kabla jua halijatua."

"Na huisikilizi?"

"Yaya," akakataa. "Ile nyekundu ni ya nyimbo. Mawingu yakikaa siku tatu, inakufa. Hii ni ya siku mbaya. Siku hiyo ikija, sitaki kuikuta tupu."

Ningepaswa kufurahi, sivyo? Alikuwa ananisifu. Lakini nikaanza kuhesabu. Presha yake ilipopanda, nani alimshika kwenye bodaboda mpaka hospitali? Mimi. Na kuku analiwa na nani? Kumbe mimi pia nilikuwa juu ya kabati, nangoja siku mbaya.

"Mama," nikasema, na sauti ikanitoroka, "na mimi nataka siku nzuri. Na mimi nataka kuku."

Mpini ukasimama. Akatazama jua mlangoni.

"Kesho njoo," akasema.

"Nije nifanye nini?"

"Kesho hakuna kazi. Njoo tu."

Nilienda. Ile nyekundu ilikuwa kwenye kigoda chake ikihubiri, na kusema kweli bado iliniuma. Mezani palikuwa na ugali wa wimbi uliopoa na sufuria imefunikwa. Nilifunua, nikakuta kuku mzima. Alikuwa amemchinja jana yake nilipoondoka, na kwa mkono ule uliochoka akamnyonyoa na kumpika akikimbizana na jua.

Nikanyoosha mkono nichukue sahani nimpakulie. Akanipiga kofi dogo vidoleni.

"Keti," akasema.