Ukungu Nyuma ya Kabati

Mtaa mzima ulimwita Povu, na jina lilimkaa. Alikuwa dobi, vidole vimekunjamana kwa sabuni miaka yote, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Ukimpa shuka lenye doa la mchuzi, doa la wino, doa la sijui umelitoa wapi, atakurudishia jeupe mpaka uone haya kulilalia. Ila ulimi, jamani! Ukipita na viatu vya tope karibu na kamba yake ya nguo utatukanwa wewe, shangazi yako na fundi aliyevishona hivyo viatu.

Kitu kimoja tu kilimtisha hapa duniani: kifua cha mama yake. Waliishi wawili, chumba na sebule, na tangu mvua za mwaka juzi mama alikuwa anakohoa. Si kile kikohozi cha kusafisha koo, la. Hiki kilimkunja katikati, akashika ukingo wa kitanda huku macho yanamtoka. Povu alimsugua mgongo na kujiuliza, huyu akiniondokea nitabaki na nani? Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na mama.

Na adui alishamjua, ni baridi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, na nakwambia, huyu mwanamke aliziba. Matundu ya hewa juu ya dirisha aliyashindilia matambara. Chini ya mlango akatandika gunia. Dirisha la chumbani akalipiga komeo, akashusha pazia zito, na ole wako wewe mgeni uulize mbona joto. Jioni alichemsha sufuria ya maji na kumfunika mama blanketi kichwani ajifukize, mvuke ukatanda chumba kizima. Na mvua ikinyesha, nguo za watu zingekauka wapi? Kamba zilitoka sebuleni mpaka chumbani, na mashuka ya nyumba ya wageni yakaning'inia juu ya kitanda cha mama yakidondosha matone. Kuta zilitoka jasho. Povu alizipitishia kitambaa akaona kazi imekwisha.

Doa la kwanza lilitokea pembeni, ubavuni mwa kitanda, vitone vyeusi kama mtu amenyunyiza majani ya chai. Povu aliujua ukungu. Ameshautoa kwenye makoti ya watu, kwenye viatu vya harusi, kwenye begi la mwalimu aliyesahau taulo mbichi ndani. Lakini ukutani kwake, yeye dobi? Wateja wakiona si watahama wote? Akapaka chokaa. Ukungu ukarudi, safari hii na ndugu zake. Basi akamwita jirani yake kinyozi, wakalisukuma kabati mpaka likagota ukutani, doa likafunikwa.

"Limekaa vizuri zaidi hapo," alimwambia mama.

Mama alilitazama kabati, akamtazama binti yake. "Haya," akasema.

Kule zahanati, daktari aliuliza kama nyumbani kuna unyevu au ukungu. Povu akacheka kwa dharau. "Kwangu? Daktari, mimi ni dobi!" Daktari akaandika dawa ya pumu, na mama, aliyekaa katikati yao akihema, akainamisha uso. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani angemwambia Povu akasikia?

Aliyekatisha maneno ni kaka yake, dereva wa lori, mtu wa kauli chache na sauti kubwa. Alikuja kusalimia asubuhi moja akamkuta mama hawezi kuvuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Hakusubiri chai. Alimbeba mpaka hospitali, na mama alipopata nafuu hakumrudisha. Alimpeleka kwake.

"Unampeleka kwenye nyumba ile?" Povu alifoka, mikono kiunoni. "Nyumba haina hata pazia! Wifi anaachia madirisha wazi kutwa kama anauza upepo! Utamuua mama, kaka!"

"Kwako ndiko alikokuwa anakufa," kaka alijibu, akawasha gari.

Neno lile lilimchoma Povu. Siku zilizofuata alifua kwa hasira, akikamua nguo za watu kana kwamba zimemtukana, na kila shuka alilolikamua aliona ni wifi. Huyu wifi alikuwa msusi. Wateja wanaingia na kutoka kwake, kuku wanazurura sebuleni, milango wazi mbele na nyuma. Povu aliiita nyumba ile stendi. Mwishowe uzalendo ulimshinda. Akalitoa kabatini lile blanketi zito la mama, akalikumbatia, akaenda kumwokoa mama yake.

Alimkuta amekaa chini ya dirisha lililo wazi, anachambua maharage na kumgombeza kuku. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani ya kuita watoto kutoka mbali. Povu alisimama mlangoni, furaha ikampanda, na Mungu amsamehe, wivu nao ukapanda pamoja nayo.

"Karibu, wifi," msusi alisema. "Mama hajambo. Hata usiku hakohoi."

"Atakohoa tu, na upepo wote huo mgongoni! Mama, jifunike."

Akamzungushia blanketi, akalibana vizuri shingoni, kwa mapenzi yake yote. Mama akavuta pumzi mara moja, mara ya pili, na kikohozi kikaanza. Kilekile. Sinia la maharage likamponyoka, kuku wakashukuru. Wifi alilichomoa blanketi, akalinusa, akakunja uso.

"Wifi, usinielewe vibaya. Hili lilikuwa wapi?"

"Kabatini."

Povu alilinyakua akalinusa mwenyewe. Lilinuka kama gunia lililolala majini. Na harufu ile aliijua, maana ndiyo harufu ya nyumbani kwake, alikuwa ameizoea tu mpaka pua ikaacha kumwambia. Akageuka akatoka. Hakuaga.

Nyumbani alilivuta kabati peke yake, kwa nguvu aliyopewa na hofu. Mgongo wa kabati ulikuwa umelainika, ukimegeka kama mkate uliolowa. Nyuma yake hapakuwa na doa tena. Ukuta wote ulikuwa mweusi, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa macho yake, umeota manyoya, na mto wa mama ulikuwa hatua moja kutoka hapo.

"Mimi!" Povu alilia kwa sauti, bila kujali nani anapita nje. "Mimi mwenyewe!" Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyekuwa akizianika hizo nguo.

Alipomaliza kulia alifunga kitambaa puani, akaanza kazi. Alichomoa matambara kwenye matundu. Alisugua ukuta kwa maji ya moto na sabuni, kwa kitambaa kibichi ili vumbi lile lisiruke, akauacha ukauke, akausugua tena. Kabati akalichoma. Nje, pale alipozoea kumwaga maji ya kufulia chini ya ukuta, akachimba mfereji wa kuyapeleka mbali. Mashuka ya nyumba ya wageni akayarudisha: wakati wa mvua sifui tena, tafuteni mwingine. Halafu akaenda kumchukua mama.

"Twende nyumbani, mama. Chumba kimekauka. Dirisha liko wazi tangu asubuhi."

"Najua umesafisha," mama alisema. "Kwa kusafisha sina shaka na wewe."

"Ulijua kama kuna ukungu?"

"Nilikuwa nalala naunusa."

"Na hukusema!"

"Ulishamwambia daktari haupo, nikuumbue mbele yake? Halafu wewe ulikuwa unalala sakafuni, mlangoni, mgongo wako unazuia upepo usinifikie. Mtu kama huyo utamwambia nini, mwanangu?"

Povu alijifuta machozi kwa kiganja. "Basi yameisha. Haitatokea tena, naapa. Twende."

Mama akajikunyata, akajikumbatia mabega. "Kwanza nifungie hilo dirisha. Nasikia baridi."

Neno halijaisha, Povu alishafika. Dirisha limefungwa, komeo limeshuka, mkono unapapasa pembeni kutafuta pazia ambalo nyumba ile haikuwa nalo. Alipogeuka, mama hakuwa amejikunyata tena. Alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Umeona?" mama alisema polepole. "Hata hukufikiri."

Povu aliutazama mkono wake, ulikuwa bado juu ya komeo.

"Acha nikae hapa, mwanangu. Wewe njoo unione."

Povu akalinyanyua komeo, akalisukuma dirisha mpaka mwisho, na upepo ukaingia. Wifi akamletea kiti. Povu akakaa karibu na mama yake, mikono mapajani, akisikiliza pumzi zake zinavyopita bila kukwama, mpaka wakati wa kwenda kuanua nguo ulipofika.