Fimbo Isiyokidhi Vigezo

Hasira zangu za siku ile hazijapoa, na sioni kwa nini zipoe. Shangazi yangu alizuiwa mlangoni kwenye Siku ya Gofu ya Kizamani, yeye ambaye katika mji wetu mzima ndiye pekee aliyekuwa bado anacheza gofu ya kizamani. Wakubwa wa klabu walivaa kofia bapa na suruali za kuishia magotini, soksi zimevutwa hadi huko huko, wakashika fimbo mpya za mbao zilizonunuliwa kwa ajili ya sherehe, harufu ya vanishi haijaisha. Shangazi alikuja na gauni lake la kazini na fimbo zake tano. Wakamwambia hazikidhi vigezo.

Shangazi ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake, na ukiingia unakanyaga sponji na vipande vya ngozi kabla hujaona pa kukaa, maana humo ndani hakuna kochi zima hata moja. Huongea na wateja akiwa amebana misumari midogo midomoni, na ole wako umwambie arudie alichosema. Alipokuwa binti, klabu ilimwita kuvika upya viti vya baa. Wachezaji walikuwa wamehamia kwenye fimbo za chuma, na zile za mbao zilikuwa zimerundikwa nyuma ya jiko, zikisubiri kuchemshia maji ya kuoga. Akaziomba. Wakacheka, wakampa, wakasema amepata kuni nzuri.

Hakuzichoma. Alizipiga msasa, akazilisha mafuta, akaivika mishikio yake ngozi nyekundu iliyobaki kwenye kochi la mteja. Moja iliyokuwa imevunjika aliitia mpini mwingine, aliouchonga mwenyewe kutoka mpini wa jembe. Kisha akaanza kwenda uwanjani jioni, baada ya kufunga kazi, wakati wenye klabu yao wameshaingia baa. Na uwanja wenyewe usiufikirie wa kwenye televisheni. Ni mawe, vichuguu, na nyasi za kuchoma miguu, na njia ya shimo la nne imekatwa katikati na korongo lenye kokoto ambalo limemeza mipira ya watu hadi wengine wakaacha mchezo. Shangazi alilipenda korongo hilo kuliko kitu chochote pale. Sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba mpira unapigwa pale ulipolala. Nimemfuata mara nyingi na chupa ya chai, na sijawahi kumwona akiusogeza hata kwa ncha ya kiatu.

Sasa klabu ilikuwa imetangaza kuufumua uwanja. Siku ya Gofu ya Kizamani ilikuwa ya kuuaga. Kesho yake tingatinga lingeingia kujaza korongo na kusawazisha vichuguu, zipandwe nyasi laini, ujengwe ukuta ambao mtu kama Shangazi asingeuvuka tena. Alichotaka yeye ni kucheza mashimo yote tisa mara ya mwisho, mchana kweupe, pamoja na wenzake, bila kunyata. Alijiandikisha kama wengine na akakubaliwa. Wiki nzima akawa anapaka fimbo mafuta huku wateja wakinung'unika.

Mwenyekiti wa klabu alizigeuzageuza mkononi kama mtu anayekagua samaki wa jana. Akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba siku ile ilikuwa ya vifaa halisi, na ngozi ya kochi si kifaa halisi, na mpini wa jembe ndiyo kabisa. Damu ikanichemka. Nikamuuliza fimbo zake yeye zilitengenezwa lini, akamgeukia mchezaji aliyefuata. Shangazi akanivuta mkono, tukaenda kusimama nyuma ya kamba na watazamaji.

Na huko tukaona mambo. Kipaza sauti kilitangaza kwamba, kwa heshima ya wageni, mpira ukiingia kwenye mawe unaruhusiwa kuhamishiwa kwenye nyasi. Nikamsikia Shangazi akiguna. Watu wamevaa soksi za babu zao, halafu mawe waliyochezea babu zao wanayaogopa.

Mgeni rasmi alipofika shimo la nne akautumbukiza mpira wake korongoni. Wapambe wakakimbilia kuuhamisha, naye, nadhani kwa sababu ya kamera, akawakataza. Akapiga kwa nguvu zake zote. Fimbo mpya ikakatika shingoni, kichwa chake kikaruka vichakani, na mpira ukabaki pale pale.

Ndipo Mwenyekiti alipokuja kwenye kamba, jasho likimchuruzika chini ya kofia, akamwomba Shangazi, sasa akimwita Mama, amwazime mgeni fimbo yake, ile ile yenye mpini wa jembe, ili amalize. Nilishafungua kinywa nimpe vidonge vyake. Shangazi akaniwahi, akaitoa. Aliniambia baadaye kwamba pale uwanjani mchezaji aliyekwama hakuwa akinyimwa fimbo, hata na mtu waliyegombana naye, na kwamba desturi hiyo aliikuta na hakutaka kuwa wa kuivunja.

Mgeni rasmi akautoa mpira kwa pigo safi, akaendelea na fimbo hiyo hadi shimo la mwisho, akanyakua kikombe. Kama walimwachia, shauri yao. Kwenye hotuba Mwenyekiti akainyanyua fimbo ya Shangazi juu, ngozi nyekundu na yote, akasema hicho ndicho kifaa halisi cha enzi zile, kilichotunzwa na klabu kwa miaka yote. Kilichotunzwa na klabu! Klabu iliyotaka kukifanya kuni za kuchemshia maji ya kuoga. Watu wakapiga makofi. Akamalizia kwamba kitawekwa ukumbini, kwenye kabati la vioo, kiwe kumbukumbu.

Shangazi akapita katikati ya meza hadi mbele, akanyoosha mkono. Mwenyekiti akakenua meno kwa ajili ya kamera, akidhani amekuja kupongezwa.

"Naomba fimbo yangu," Shangazi alisema.

"Mama, tuelewane. Hii sasa ni ya wote. Na jina lako tutaliweka."

"Haikidhi vigezo. Ulisema mwenyewe asubuhi, mbele ya huyu binti wa kaka yangu. Nipe nikacheze."

Kipaza sauti kiliyapeleka maneno hayo hadi nje kwa madereva. Mgeni rasmi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama chini. Mwenyekiti akaiachia fimbo.

Tukaenda shimo la kwanza, mimi nimebeba zile nne nyingine. Hakuna aliyetuzuia, walibaki na sahani mikononi wakitutazama. Alicheza vibaya. Ningependa kusema vingine, lakini hasira alizozimeza kutwa nzima zilimfanya apige kwa pupa, na mpira ulikwenda ulikotaka wenyewe. Kwenye shimo la nne ukaingia korongoni, ukajibana kati ya mawe mawili. Akapiga, ukabaki. Akapiga tena, kokoto zikaruka, ukabaki. Ng'ambo ya korongo tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa. Mwanga ulikuwa unakwisha na mashimo mengine matano yalikuwa bado, nikamwonea huruma hadi nikaumia. Nikamwambia ausogeze kidogo tu, hakuna anayeona.

Shangazi akanyooka, akaniangalia kwa jicho ambalo hata Mwenyekiti hakuangaliwa nalo siku ile.

"Hata wewe?" akasema, akainama tena juu ya mpira.