Soli za Viatu vya Asumani

Jana niliteleza kwa makalio kutoka katikati ya uwanja mpaka miguuni mwa kocha, mpira ukiwa bado mikononi.

Asumani, nahodha wetu, alikuwa ameletewa na mjomba wake viatu vya zamani vya basketi, vyenye sahihi ya bingwa wa Amerika ubavuni. Alitaka kuvivaa kwenye fainali. Kocha alinichagua mimi, mwandishi wa ubao wa klabu, nivijaribu kwanza. Nilifika mbio kutoka kwenye chakula cha mchana, nikatemea kiganja cha kulia, nikafuta soli kama wachezaji wanavyofanya ili zishike saruji. Kisha nikakimbia.

Nilipoinuka niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Soli zinateleza. Visivaliwe." Asumani alikaribia kulia.

Kocha akavua kiatu kimoja mguuni mwangu, akakinusa kwa utulivu.

"Citoyen mwandishi, midi ulikula nini?"

"Sombe na ugali, papa."

"Na mafuta ya mawese?"

"Mingi."

Akanisogezea soli puani. "Bon. Kiatu nayo ilikula."

Timu nzima ilianguka kwa kicheko. Fainali ni kesho. Asumani anazisugua soli kwa sabuni mara ya tatu, na hakuna anayejua bado kama zinashika.