Kisanduku cha Dirishani

Nilimnunulia mama kisanduku cha intaneti ili tuonane kwenye simu, yeye akiwa Mtae na mimi mjini. Nilikiweka mwenyewe kwenye dirisha linalotazama tambarare, kwa sababu mnara uko kule chini.

Mwaka uliofuata nilikwenda likizo. Nikamwamkia mama, nikakaa, nikatoa simu. Mtandao wa nyumbani haukuonekana. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikawapigia huduma kwa wateja na kuwafokea. Ndipo nilipotazama dirishani. Kisanduku hakikuwapo. Kilikuwa kwenye kabati la vyombo vya wageni, kimefunikwa kitambaa cha kufuma.

“Mama, nani amekichomoa?”

Aliendelea kumenya viazi.

“Mimi. Si nilikuwa nakuonea humo? Umeshafika, acha kipumzike.”