Bibi wa Piano Hakuwa Mkwe

Jumatatu moja, saa saba na dakika tano mchana, fundi wa kuchomelea vyuma anazima mashine yake na kwenda kula. Upande wa pili wa ukuta, mwanamume wa miaka hamsini na minane anafunga dirisha, anashusha blanketi zito mbele yake, anavua saa ya mkononi kwa sababu mlio wake unanaswa, kisha anasogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

Ana dakika hamsini na tano. Fundi akirudi, kazi ya leo imekwisha.

Kwenye skrini, gari linasimama mbele ya nyumba iliyofunikwa na theluji. Bibi kizee anashuka na masanduku matatu. Mlango unafunguliwa, na mwenye nyumba anabaki ameshika kitasa, kaishiwa nguvu.

“Ingia, nje kuna baridi,” anasema mwanamume wa chumbani kwa sauti ya mwenye nyumba. Anasimamisha picha, anarudisha nyuma. “Ingia. Nje kuna baridi.” Anatikisa kichwa, anarudisha tena.

Mtaani anaitwa Midomo Saba. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake imekuwa kutafsiri filamu: anachukua filamu ya lugha ya kigeni na kuizungumza upya kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, wahusika wote yeye peke yake. Jina hilo alilipata kwa vichekesho hivihivi vya Krismasi, vyenye watu saba: baba, mke, watoto watatu, jirani na bibi kizee.

“Na mbwa,” anakumbusha mkewe, fundi cherehani anayeshona sebuleni.

“Mbwa nilimwacha ajisemee.”

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwenye nyumba ameuza piano ya bibi kizee bila kumwambia. Siku mbili kabla ya Krismasi, bibi anatokea bila taarifa, na familia nzima inahangaika siku tatu ili asiingie chumba ilimokuwa piano. Mlango wa chumba hicho unapigiliwa misumari, unazibwa kwa kabati, na mara moja unalindwa na mtoto anayejifanya ana surua.

Hakuna kazi yake iliyonakiliwa kama hiyo. Kwa karibu miaka kumi, kila Desemba, wenye vibanda vya kukodisha mikanda ya video walimletea kanda tupu wenyewe. Anakadiria nakala elfu mbili. Hakuna kumbukumbu ya maandishi, na yeye mwenyewe anakiri kwamba huenda anatia chumvi.

Tatizo ni kwamba aliitafsiri vibaya, na alilijua hilo tangu dakika ya arobaini na mbili ya kurekodi.

Wakati huo hakuwa na vifaa. Alikodi deki mbili, moja ya kucheza na moja ya kunasa, na aliweza kuzilipia saa mbili tu. Filamu ilikuwa ya saa moja na dakika thelathini na sita, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuitazama kwanza. Lugha yake aliijua ya kuombea maji.

“Nikaona bibi kashuka na masanduku matatu, na mwenye nyumba karegea,” anasema. “Wewe ungesema nini? Nikasema mama mkwe huyo. Nikaenda naye. Vichekesho vya mkwe vinakuja vyenyewe, huhangaiki hata kuvitafuta.”

Dakika ya arobaini na mbili, bibi alifungua sanduku na kutoa picha ya zamani. Alikuwa yeye mwenyewe, angali kijana, amepakata mtoto wa kiume mwenye masikio makubwa yaliyochomoza. Mwenye nyumba alikuwa na masikio yaleyale.

“Jasho likanitoka. Deki zinazunguka, kipaza sauti kiko wazi, hakuna kurudi nyuma. Nikasema walikuwa majirani. Kwamba mama mkwe alimlea mtoto wa jirani, halafu mtoto wa jirani akaja kumwoa binti yake.”

“Akawaozesha watu waliolala kitanda kimoja wakiwa wadogo,” mkewe anadakia, mguu ukiwa bado kwenye pedali ya cherehani.

Uongo wa kwanza ulidai wa pili. Mwaka huu, alipoitazama filamu yote kwa utulivu, akiwa na maandishi ya maneno yake yaliyotafsiriwa, alihesabu uongo kumi na moja katika dakika hamsini na nne zilizobaki. Ameuandika kwenye daftari, kila mmoja na dakika yake. Uongo wa tisa unamuua mtu ambaye hayumo kwenye filamu.

Mbaya zaidi ni mwisho. Katika filamu yenyewe, bibi anafungua mlango wa chumba kitupu na kuketi sakafuni pale piano ilipokuwa. Anamwambia mwanawe kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliiona piano hiyo dukani aliposhuka kwenye treni. Hakuja kwa ajili ya piano. Katika mkanda wa Midomo Saba, bibi huyohuyo, akiwa ameketi palepale, anaapa kwamba ataondoka na binti yake pamoja na mjukuu wa mwisho.

“Watu walicheka mpaka wakalia,” anasema. “Lakini mimi nilimgeuza yule bibi kuwa mtu mbaya, na hakufanya kosa hata moja. Nimetazama mara tatu nikilitafuta.”

Sauti ya bibi hakuitafuta mbali. Aliazima ya mama wa mkewe: kikohozi mara mbili kabla ya kusema, na “au nasema uongo?” mwishoni mwa kila jambo. Alidhani hakuna atakayetambua. Januari iliyofuata, mama mkwe alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mtoto mmoja nyuma yake alikohoa mara mbili, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Kwa miaka sita mama huyo hakuingia nyumbani kwa mkwewe. Akija, alisimama getini na kumwita binti yake nje. Baadaye alianza kuingia, akawa anaketi na kunywa chai, lakini filamu haikutajwa. Sasa ana miaka themanini na minne. Tangu avunjike nyonga miaka mitatu iliyopita anaishi nao, kwenye chumba kinachotazamana na cha kurekodia.

“Umeshindaje, mama?” Midomo Saba humuuliza kila jioni.

“Salama, baba.”

Mazungumzo yao mengi yalikuwa hayo.

Filamu ilirudi kupitia kituo kidogo cha runinga. Mkuu wake wa vipindi, mwanamke aliyekulia na mkanda huo, aligundua kwamba nakala zote zilizobaki zimechakaa na sauti inazama. Akataka irekodiwe upya kwa ajili ya Krismasi. Ikimridhisha, Midomo Saba atapewa mkataba wa filamu kumi na mbili kwa mwaka, malipo kila mwisho wa mwezi.

Uzito wa jambo hilo unaeleweka kwa hesabu za mkewe. Mwaka jana kazi ya sauti, pamoja na kuhamisha mikanda ya harusi za watu kwenye kompyuta, ililipa kodi ya nyumba miezi mitano. Miezi saba ililipwa na cherehani. Macho ya mshonaji yameanza kuchoka. Uzi wa rangi nyeusi anauingiza kwenye sindano asubuhi tu.

Midomo Saba alipompigia mkuu wa vipindi kumweleza kwamba safari hii atamtafsiri bibi kama alivyo, jibu lilikuwa fupi.

“Mzee wangu, hapana. Mimi nimekua na mkwe yule. Nyumba nzima tunamjua. Ukituletea mama mzazi, nani atacheka?”

“Filamu yenyewe ndivyo inavyosema.”

“Filamu inasema kwa lugha yake. Sisi tunakulipa wewe.” Kisha akalainika. “Fikiria. Nakupa hadi Ijumaa.”

Nyumbani pia hakupata wa kumuunga mkono. “Nilimwambia mpe huyo mama wa kituo mkwe wake, tupate mkataba,” anasema mkewe. “Huo ukweli ataurekodi akistaafu.”

Hata hivyo, Jumatatu na Jumanne alirekodi akifuata maandishi. Jumatano alifika kwenye chumba kitupu na kukwama. Alimsemea bibi mara kumi na nne. Kila mara alisikika kama anayeng’ang’ania kitu. Alisahau kwamba mlango wa chumba haukufungwa.

“Huyo anamgombeza nani?” Sauti ilitoka ng’ambo ya ukumbi.

Alivua spika za masikioni. “Hagombezi, mama. Anamsamehe mwanawe.”

“Kwa kelele hizo?”

Ukafuata mlio wa fremu ya chuma anayotembelea, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Mama mkwe aliingia na kukaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Mkwewe akasimama ubavuni. Mama mkwe akataka aonyeshwe kipande hicho tangu mwanzo na aelezwe nani ni nani, maana macho yake huona umbo la mtu tu.

“Huyu ndiye yule bibi,” alisema baada ya muda. Haikuwa swali.

“Ndiye, mama.”

“Na huyu ni mtoto wake wa kumzaa?”

“Wa kumzaa. Mimi ndiye niliyekosea. Nilimfanya mkwe wake.”

Akainamia skrini iliyosimama. “Kwa hiyo nimechekwa na mji mzima kwa kosa ambalo si langu wala si la huyu mama.”

“Si lako. Naomba radhi, mama.”

“Ungeniomba zamani ningekukatalia,” akasema. “Ningekukatalia na kukutangaza. Sasa nimechoka kukasirika, kazi yake kubwa. Haya, rudisha pale anapokaa chini.”

Mkewe alikuwa ameacha cherehani na kusimama ukumbini. Anasema hakutaka kuingia, asije akawaharibia.

Mama mkwe alisikiliza mara mbili zaidi, kisha akatoa kasoro kama mtu anayekagua mshono. Mama akimwambia mwanawe ‘nilijua’, alisema, haiweki mbele kama zawadi. Anaisema kama anayeomba chumvi mezani. Mtoto atasikia, yeye ndiye aliyekuwa na hofu.

“Hebu iseme wewe, mama,” mkwewe akamwambia.

“Mimi nitaweza wapi?”

“Mimi nimeshindwa mara kumi na nne.”

Zilibaki dakika sita kabla fundi wa kuchomelea hajarudi. Midomo Saba alikuwa akimnong’oneza kila mstari, na yeye anausema. Ni mistari tisa. “Nilijua tangu siku niliyofika,” ilisikika sauti ya mwanamke wa miaka themanini na minne, chini na bila haraka. “Niliiona dukani. Nikasema, basi amekwama, mwanangu. Ngoja nikamwone.”

Katika mistari yote tisa hakukohoa hata mara moja. Msafishaji wa sauti wa kituo, aliyeombwa baadaye akate vikohozi, alikuwa tayari na mkono kwenye kitufe, na hakupata cha kufuta.

Ijumaa, mume na mke walikaa kwenye benchi la ukumbi wa kituo cha runinga kwa saa moja na dakika thelathini na sita. Kupitia mlango walisikia mkuu wa vipindi akicheka mara nyingi nusu ya kwanza, na mara chache nusu ya pili. Mwishoni hawakusikia chochote.

“Akili yangu ilikuwa kwenye kodi,” anasema mkewe.

Mkuu wa vipindi alitoka akiwa ameshika miwani mkononi. “Hii siyo ile,” alisema.

“Siyo,” Midomo Saba alijibu.

“Yule bibi wa mwisho ni nani? Mwigizaji wa wapi huyo?”

“Ni mama mkwe wangu.”

Kwa mujibu wa mkewe, walihitaji dakika kadhaa kumsadikisha kwamba hawafanyi utani.

Mkataba alioandikiwa si wa filamu kumi na mbili. Ni wa tatu, kwa majaribio. Filamu itaonyeshwa mkesha wa Krismasi saa kumi jioni, na tisa zilizobaki zitategemea watazamaji watakavyoipokea. Mkuu wa vipindi hakuficha kwamba wapo watakaopiga simu kumdai mkwe wao. Midomo Saba anakubali kwamba huenda wakawa wengi. Malipo ya filamu ya kwanza yameshaingia, na yametosha kodi ya miezi miwili na miwani ya mshonaji.

Kwa sasa anatafuta filamu ya pili. Kituo kimempa orodha, naye ameshapitia ishirini na tatu, zote kwa ukamilifu kabla ya kugusa kipaza sauti. Nyingi amezikataa. Anataka yenye bibi, na bibi huyo awe hai angalau hadi katikati, kwa sababu msaidizi wake mpya amemwambia wazi kwamba hatakaa chumbani kusubiri mistari tisa kwa mwaka.

Wiki hii amepata mbili zinazofaa. Katika moja, bibi ni mtu wa sala na upole. Katika nyingine anatukana wapangaji wake kuanzia dakika ya tatu. Alimweleza mama mkwe zote mbili jioni, wakinywa chai, na kumwachia achague.

“Nipe huyo mkorofi,” mama mkwe alisema. “Mpole nimeshafanya.”