Ngozi ya Chui Milia Nyumbani kwa Bi Zuhura

Harufu ya karafumaiti ilitupokea ngazini kabla ya Bi Zuhura mwenyewe. Kwetu Taita sikuwahi kuisikia harufu ile, na watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, waliponiambia kwamba hutiwa maiti, nikawa napanda ngazi zake nimebana pumzi. Baba alikuwa karani wa reli, nasi tulipanga vyumba vya chini katika nyumba ya Bi Zuhura, mjane mwenye sauti ndogo ambaye amri yake haikurudiwa mara mbili. Karafumaiti yake ilikuwa ya kufukuzia wadudu tu. Ukutani mwa ukumbi wa juu, juu ya makochi ya mahameli, ilitundikwa ngozi ya chui milia, miguu imetandazwa, mkia umening'inia karibu na swichi ya taa. Babu yake, aliyekuwa akifanya biashara kisiwani Java, ndiye aliyekuja nayo.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka tisa, mimi na Rukia, mjukuu wa Bi Zuhura, tulishinda chini ya ngozi hiyo. Manyoya yalikuwa magumu kuliko yalivyoonekana, rangi yake imepauka kama ganda la chungwa lililosahaulika juani, milia myembamba imesongamana. Rukia alikuwa na hakika kwamba jike la chui huyu lilikuwa bado likimtafuta, na siku moja lingeshuka melini katika bandari ya Mbaraki. Mimi sikulibisha hilo. Tulichobishania ni jinsi litakavyoitambua nyumba. Kufa tulikujua, kwani mazishi yalipita vichochoroni mwetu kila mara. Lakini kwamba mnyama anaweza kufa yeye na kabila lake lote, pasibaki hata wa mbegu, hilo hatukuwahi kuambiwa na mtu, si shuleni Tononoka wala nyumbani.

Wakati huo mabinti wawili wa Bi Zuhura, yaani mamake Rukia na mdogo wake, walikuwa wakiigombania ngozi hiyo hadi wameacha kusemezana. Bi Zuhura alichoka. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana aliiteremsha, akaitandika mkekani mgongo juu, akapiga mstari wa chaki kutoka mkiani hadi katikati ya masikio. Kila binti angepata nusu yake. Sisi wawili tulishikilia miguu ya nyuma isiteleze, naye akaingiza mkasi. Ngozi kavu ililia kama kadibodi ngumu inayokatwa.

Nyumbani alikuwamo mgeni, Bi Alawiya, binamu ya Bi Zuhura aliyezaliwa Java, ambaye alikuwa amefika juzi yake na bado alikuwa akilala kwa uchovu wa safari. Mlio wa mkasi nadhani ndio uliomwamsha. Alitoka chumbani, akasimama, kisha akapiga magoti na kuweka kiganja chake juu ya chaki, mbele kabisa ya mkasi. Mkasi ulikuwa umekwenda shibiri moja. Alisema maneno kwa Kiarabu, kwani Kiswahili hakukijua, taratibu. Bi Zuhura alimwomba ayarudie, akayarudia. Ndipo Bi Zuhura akatugeukia, uso umemparama.

"Anasema hawa wa Java wamekwisha. Si kwao tu. Hapana popote."

Rukia alicheka, akidhani ni mzaha. Mimi niliuliza, "Hata watoto wake?"

"Hapana hata mmoja, mwanangu."

Bi Alawiya alieleza, na Bi Zuhura akatufasiria, kwamba babake alikuwa akiwasikia wakinguruma ng'ambo ya mashamba ya chai. Yeye aliusubiri mngurumo huo utoto wake wote, akawa mama, akawa bibi, asiusikie. Wale wa kisiwa jirani cha Bali walitangulia, kisha wa kwao. Alipokuwa akisema, vidole vyake vilikuwa vikilipapasa sikio la ngozi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa chui wa nchi yake, na ilimbidi avuke bahari aje kumkuta sakafuni Mombasa.

Nilishuka ngazi. Nilimkamata paka wa kichochoroni nikamkumbatia hadi akanikwaruza shingo. Jioni wali niliusukuma pembeni. Nilimuuliza mama kama mbuzi nao huisha, akanijibu nile kwanza, na jibu hilo lilinitisha zaidi.

Bi Zuhura aliushona ule mpasuko kwa mkono wake, kwa uzi mweusi, akawaambia mabinti kwamba hakuna atakayeipata. Alipofariki miaka mingi baadaye waliipeleka pamoja makumbusho, na Rukia aliniambia walirudi wakizungumza.

Sasa naishi Tononoka na binti yangu wa miaka minane. Nimesoma kwamba kisiwani Sumatra, jirani na Java, chui milia wangalipo, wachache, na kwamba wale wa Bahari ya Kaspi nao walikwisha zamani. Wiki iliyopita tulitazama kwenye simu faru weupe wa kaskazini, hapa hapa Kenya, majike wawili waliobaki peke yao duniani. Nilimtazama binti yangu, nikijiandaa kumshika mkono. Hakushtuka. Aliikuza picha kwa vidole, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia basi la bara linaondoka saa ngapi:

"Na hawa, mama, wataisha lini?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo, na kinachonitia baridi ni utulivu wake.