Bidoni ya Kitambaa Chekundu

Nilichaguliwa kuwa msikilizaji wa parokia kwa sababu sitoki nyumbani. Wanaume wengine wa mtaa wetu wa Kimanga ukiwatafuta wako sokoni, wako ziwani, wako wapi sijui. Minye niko barazani, kwenye kiti changu. Vita vilikuwa vimerudi uwandani, na watu waliokimbia kijiji cha Runingu walilala kwenye madarasa ya shule iliyo nyuma yetu. Parokia ilitaka waongee na mtu, na mtu huyo awe wa kukutwa.

Tulifundishwa kidogo: usihukumu, usitoe shauri, mrudishie mwenzako maneno yake ajue amesikika. Nililipenda somo lile. Ni kazi ya kukaa.

"Mwisho wamekiona kipaji chako," alisema mke wangu.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja mkulima wa Runingu. Nilimpa kikombe cha maji, akakinywa chote, akabaki amekishika.

"Papa, kule kwenye robine yenu tunaambiwa tungoje wenyeji wamalize. Wakimaliza, maji yamekatika. Tunachota ziwani, na watoto wanaharisha."

Kwenye bomba la avenyu yetu foleni haikupangwa na watu. Ilipangwa na bidoni, yaani madumu ya maji. Unaiweka jioni, umeifunga kitambaa ijulikane, unaenda kulala. Bidoni ya mwenyeji ilihesabiwa kama mtu. Ya mkimbizi ilisukumwa kwa mguu hadi nyuma.

Nikakumbuka somo. Nikainama mbele kidogo, nikalainisha sauti.

"Mama, nasikia una uchungu kwa sababu ya maji."

"Hapana, papa. Minye nasikia kiu."

"Unasikia kiu."

"Ndiyo. Si nimesema?"

Kisha macho yake yakanipita, yakatua ukutani, kwenye bidoni yetu ya njano iliyofungwa kipande cha shati langu jekundu la zamani.

"Ile naijua. Iko mbele kila asubuhi. Nilifikiri ni ya komanda."

Masikio yalinichoma. Hakuna aliyetufundisha la kufanya pale unayemsikiliza anapokuwa anakusema wewe.

Kesho yake alfajiri nilipita shuleni, nikamwomba bidoni yake, nikaenda kuiweka mbele kabisa kwenye robine. Yetu nikaisogeza ikawa ya pili. Majirani walipofika waliniona nimesimama hapo.

"Eh! Weye nawe unatembeaga? Nani amekufa?"

"Na hii ya wakimbizi iko mbele kufanya nini?" aliuliza mama jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Mama, nasikia kwamba jambo hili linakusumbua..."

Walicheka hadi wakafuta machozi kwa vitenge. Lakini bidoni hawakuigusa, na minye nikaanza kujiona mtu wa maana.

Ndipo yule mama akatokea na wenzake wa shuleni. Aliiona bidoni yake ilipo.

"Papa, na za wenzangu?"

Nilikuwa nimemfikiria aliyekuja barazani kwangu tu, kana kwamba kiu ya Runingu yote ilikuwa kooni mwake. Hakukasirika. Aliinyanyua bidoni yake, akairudisha nyuma kwenye zao. Avenyu nzima ikageuka kunitazama, na bidoni yenye shati langu ikabaki mbele peke yake. Nikaichukua, nikamfuata. Msidhani ni wema; sikuweza kusimama nayo pale mbele.

"Msikilizaji amehamia Runingu!" mtu alipaza sauti. Hakuna mwingine aliyehama.

Maji yalikatika kabla hayajatufikia. Wanawake wa shuleni wakabeba bidoni zao tupu, wakashuka ziwani, na minye nikapanda nyumbani na yangu.

Mke wangu aliitikisa.

"Haya, papa wa watoto. Leo tutapika huko kusikiliza kwako."

Nilikaa kwenye kiti changu nikitafuta maneno ya kumrudishia. Nilikuwa nasikia kiu.